Kompyuta ya Wafinyanzi wa Kirindo

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali zamani ya juzijuzi, umeme ulipokuwa umeshapanda milimani na vikao vya madiwani vimeanza kurushwa mtandaoni, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi kikiitwa Kirindo. Wanaume wa Kirindo walilima tangawizi. Wanawake walifinyanga vyungu. Udongo wao ulitoka kwenye shimo moja tu, chini ya mteremko, na shimo hilo lilikuwa na sheria yake.

Sheria ilikuwa hivi. Shimo lina mama. Mama wa shimo ndiye anayesema leo tuchimbe, kesho tupumzike; hapa pachimbwe, pale pasiguswe. Hachaguliwi kwa kura wala harithi. Shimo likifungwa kwa sababu yoyote, kisha likafunguliwa, yule aliyesababisha lifunguliwe ndiye anakuwa mama wake. Kabla hajapiga jembe la kwanza, hakuna mwanamke anayeshusha kikapu. Tena mama wa shimo ni mmoja. Waliwahi kuwa na wawili. Mmoja akasema chimbeni, mwingine akasema acheni, waliochimba wakachimba na ukuta ukawaporomokea. Mtu mmoja alitolewa pale hana mguu. Tangu siku hiyo, mmoja.

Mama wa shimo wa wakati huo alikuwa Bibi Nakiete. Asubuhi moja alishuka na kikapu chake akakuta shimo limezungushiwa waya. Kibao kilisema eneo linasubiri uamuzi wa baraza la madiwani. Kampuni ya kutengeneza vigae ilikuwa imeutaka udongo ule.

Wanawake wakaenda kwa diwani wao, Mheshimiwa Kirumbe.

"Mama zangu, tulieni," diwani akasema. "Jambo hili litakwenda barazani. Nitasimama upande wenu, na likiisha nitakuja kuwaeleza."

Kati ya wanawake hao alikuwamo Nakundwa. Huyu alikuwa mtu wa kuuliza swali la pili pale wenzake wanapotosheka na jibu la kwanza.

"Utatueleza nini, mheshimiwa?"

"Yatakayosemwa."

"Yatakayosemwa tutayasikia wenyewe. Baraza linarushwa mtandaoni, na sisi tuna kompyuta."

Diwani akacheka mpaka akajishika kiuno. "Kompyuta ile mnayoifunga kanga? Nakundwa, finyanga vyungu. Mimi ndiye macho yenu kule."

"Macho tunayo," Nakundwa akasema. "Tutaona wenyewe."

Na kweli kompyuta walikuwa nayo. Kikundi chao kiliinunua ikiwa imeshatumika, ile ya mezani, yenye skrini yake na sanduku lake pembeni, ili wawatumie wanunuzi wa mjini picha za vyungu. Waliiweka katika chumba cha kukaushia, kwa sababu ndicho kilichokuwa na umeme na kufuli. Katika chumba kile kila kibichi hufunikwa. Chungu kibichi kikipigwa na upepo kinapasuka, kwa hiyo madirisha hufungwa na vyungu hufunikwa magunia. Kompyuta nayo ilipoingia humo ikapata malezi yaleyale. Skrini tu ndiyo iliyoachwa wazi. Sanduku lilivikwa kanga, juu ya kanga gunia, na likasukumwa ukutani pasipo na hewa. Hakuna aliyeamuru. Katika chumba kile ndivyo kitu cha thamani kinavyotunzwa.

Kwa picha za vyungu, kompyuta ilifanya kazi bila shida. Siku ya kikao cha kwanza wanawake wakajaza chumba, wengine wakakaa juu ya matofali. Wakafungua kivinjari, wakafungua ukurasa wa halmashauri, wakabonyeza video. Mwenyekiti wa baraza akaonekana akirekebisha kipaza sauti. Akasema, "Waheshimiwa, ajenda ya kwa—"

Picha ikaganda. Sauti ikaganda, ikabaki inarudia kwa-kwa-kwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kipanya kikaganda. Wakabonyeza hiki, wakabonyeza kile, wapi. Wakazima swichi ya ukutani, wakawasha, wakasubiri, wakafungua tena. Mwenyekiti akasema maneno machache. Picha ikaganda. Sauti ikaganda. Kipanya kikaganda. Mpaka kikao kinakwisha hawakuwa wamesikia sentensi moja nzima.

Diwani akaja kuwaeleza. "Jambo lenu halikufikiwa. Na hiyo kompyuta msiilaumu, mtandao wa huku milimani ni mdogo. Subirini, nitawaeleza mimi."

Siku chache baadaye lori la kampuni likaja kuchukua udongo wa kupimwa.

Namsifu, wifi yake Nakundwa, alikuwa wa kwanza kukata tamaa. Alikuwa amepata oda kubwa ya vyungu vya hoteli, na vyote vilikuwa vinakauka mle chumbani. "Wifi, mwenye mtandao ni Mungu na kampuni ya simu," akasema. "Tumwache diwani atueleze."

Eliwaza, mjukuu wa kike wa Bibi Nakiete, alikuwa chuoni mjini akisomea mambo ya kompyuta. Walipompigia simu naye akajibu haraka, akitoka darasani: "Ongezeni bando, bibi. Itakuwa mtandao tu."

Wakaongeza bando, wakafungua video ya kikao kilichopita. Picha ikaganda. Sauti ikaganda. Kipanya kikaganda.

Wote wakasema mtandao. Nakundwa akasema hapana. Alikaa peke yake mbele ya skrini iliyoganda, hana la kufanya, akawa anatazama tu kila kilichomo. Pembeni chini palikuwa na saa. Akaitazama ile saa, akatazama saa ya simu yake. Ya simu ilikwenda. Ya kompyuta ilikuwa imesimama.

Akatoka nje akawaita wenzake. "Niambieni. Simu ikikosa mtandao, saa yake inasimama?"

"Haisimami," wakasema.

"Hii inasimama. Mtandao ukikatika, video inasimama na kialama kinazunguka, lakini kipanya kinatembea na saa inakwenda. Hapa kinachoganda si video. Inaganda kompyuta yenyewe. Ugonjwa uko humu ndani, na kilichomo ndani ya nyumba yetu tunaweza kukishika."

"Wewe unabisha tu," Namsifu akasema. "Ulizaliwa unabisha. Mama aliniambia siku ya posa: huyu kaka yako anaoa kesi."

"Na kesi hii haijaisha. Lete ile flashi ya video za harusi."

Wakaweka flashi. Harusi ikachezwa toka maharusi wanashuka kwenye gari mpaka keki, bila kusita. Wakafungua video ya mtandaoni, picha ikaganda. Wakarudia harusi, ikaenda. Wakarudia ya mtandaoni, ikaganda. Baada ya hapo hakuna aliyetaja tena mtandao. Hata Namsifu hakuutaja.

Namsifu alikuwa na jambo jingine. Alikuwa amesimama karibu na lile sanduku na mkono wake uko juu ya gunia. Akauondoa, akaurudisha, akauondoa tena.

"Jamani," akasema, "hiki kitu kina homa."

Akavuta gunia. Akavuta kanga. Bibi Nakiete akainuka alipokuwa amekaa. "We mwana! Unakivua nguo kwenye vumbi?"

"Vumbi limeshaingia, bibi. Na joto limekosa pa kutokea."

"Miaka yote tunafunika!"

"Tunafunika vyungu. Chungu hakipumui. Hiki kina feni, na feni ni pua. Tumekiziba pua."

Bibi akasema asiiguse. Namsifu akaigusa. Alichomoa waya wa umeme, akafungua ubavu wa sanduku kwa kisu cha kukatia udongo, na wote wakaona. Udongo wa Kirindo ulikuwa umelala humo kama unga kwenye kinu. Feni ilikuwa nyekundu. Akachukua brashi ya kupakia rangi vyungu na pampu ya baiskeli ya mumewe, akaishika feni kwa kidole isizunguke, akapuliza, akafagia, akapuliza tena, hadi nyusi zake zikawa na rangi ya feni. Alipomaliza aliacha ubavu wazi, akafungua madirisha.

"Vyungu vyako, Namsifu," mtu akamwambia. "Upepo."

"Navijua ni vyangu," akasema.

Wakawasha, wakafungua video. Mara hii mtu mmoja wa kwenye video alihutubia mpaka akamaliza, na mwingine akaanza. Wakaanza kupiga vigelegele. Picha ikaganda. Sauti ikaganda. Kipanya kikaganda. Ilikuwa imekaa muda mrefu kuliko mwanzo, lakini imeganda vilevile, na sanduku lilipoguswa halikuwa na joto. Kwenye rafu, vyungu viwili vya Namsifu vilikuwa vimeshatoa nyufa.

Wakati huo ndipo Eliwaza alipofika kwa likizo. Hakupumzika. Aliona haya kwa jibu lake la simuni, akaenda moja kwa moja chumbani na begi mgongoni. Akawauliza wanaona nini na lini, nao wakamweleza: harusi inakwenda, ya mtandaoni inaganda, joto limekwisha, kuganda hakujaisha.

"Mmeshanifanyia nusu ya kazi," akasema. "Sikilizeni. Ndani humu kuna ubongo mkuu, halafu kuna kadi ambayo kazi yake ni kuchora picha. Kivinjari kikiona video kinaitupia kadi ile kazi. Kadi hii imezeeka, na kivinjari ni kipya. Hawaelewani. Wakishindwana katikati ya kazi, kila kitu kinasimama, na saa pia."

"Na harusi?" Nakundwa akauliza.

"Harusi haipiti kwenye kivinjari, shangazi. Inachezwa na programu nyingine, ya zamani kama kadi yenyewe. Hao wanaelewana."

Akaingia kwenye mipangilio ya kivinjari, akatafuta palipoandikwa kwamba kadi ya picha isaidie kazi, akapazima. Akafunga kivinjari, akakifungua upya. Akaondoa na vijiprogramu vilivyojibandika humo ambavyo hakuna aliyekumbuka kuviweka. Wakabonyeza video. Mtu wa kwanza akahutubia. Wa pili akahutubia. Wa tatu akahutubia, na kompyuta haikuganda. Ila feni ilikuwa ikivuma kama mashine ya kusaga.

"Inavuma kwa sababu kazi yote sasa inafanywa na ubongo mkuu," Eliwaza akasema. "Itapata joto kuliko zamani. Madirisha yakifungwa, itaganda. Ikifunikwa, itaganda. Na picha tuiweke ile hafifu kabisa, tusiielemee."

Wote wakamtazama Namsifu. Chumba kingine chenye umeme hakikuwepo, na vyungu vibichi vya ukubwa ule havibebwi, vinavunjikia mikononi. Namsifu akatazama rafu zake, kisha akaenda kuegesha jiwe kwenye dirisha lisijifunge.

Siku ya kikao ikafika. Diwani Kirumbe alipitia Kirindo asubuhi, akakuta wanawake wanaingia chumbani.

"Bado mnahangaika na lile sanduku? Si niliwaambia nitawaeleza?"

"Nenda salama, mheshimiwa," Nakundwa akamwambia. "Vaa vizuri. Tutaona wenyewe."

Kikao kikaanza. Picha ilikuwa hafifu, nyuso za madiwani zilikuwa kama vyungu visivyochorwa, lakini zilisogea na kusema. Ajenda ya barabara ikapita. Ya zahanati ikapita. Feni ikavuma, upepo ukaingia dirishani, na kila mara kwenye rafu kulisikika mlio mdogo wa chungu kinachopasuka. Namsifu hakugeuka.

Ikaja ajenda ya udongo wa Kirindo. Diwani wao akasimama. Wakamtambua kwa tai.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "wananchi wangu nilikaa nao. Wameridhia. Kwa kweli wanaisubiri kampuni kwa hamu."

Chumba kikalipuka. "Muongo!" "Alikaa na nani?" "Mwoneni, hata hatetemeki!" Bibi Nakiete akavua kiatu, akashikwa mkono asiipige skrini.

"Nyamazeni tusikie!" Nakundwa akapaza sauti.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa akisema kwamba, kwa mujibu wa kanuni, kabla ya kura mwananchi anayefuatilia anaweza kutuma pingamizi kwa namba iliyo chini ya skrini, na kwamba anatoa dakika chache. Wote wakainama kuitazama namba. Haikusomeka. Kwa picha ile hafifu ilikuwa kama mstari wa kokoto.

"Ipandishe picha," Nakundwa akasema.

"Shangazi, ikipanda itaelemewa," Eliwaza akasema. "Ikiganda sasa, mpaka tuizime na kuiwasha, kura imeshapigwa. Ngoja nimpigie mwenzangu wa chuoni aitafute hiyo namba."

"Mwenzako aache darasa, atafute ukurasa, atafute namba, dakika zinakwenda. Namba iko hapa mbele yangu. Ipandishe."

"Siwezi. Nitakuwa nimeiua kwa mkono wangu."

Nakundwa akamsogeza kwa bega, akashika kipanya, akaipandisha picha mwenyewe. Feni ikapiga kelele. Picha ikaruka, ikasita, ikaruka. Sauti ikaanza kukatika. Nyuso zikatokea zikiwa na macho na pua, na chini yake namba, tarakimu moja moja. Nakundwa akaisoma kwa sauti, Namsifu akaibonyeza kwenye simu, Eliwaza akarukia kipanya na kuirudisha picha chini. Kompyuta ikasimama kidogo, kisha ikaendelea.

Wakaandika: "Sisi wanawake wa Kirindo hatukukaa na diwani. Hatukuridhia. Tunamtazama hivi sasa, amevaa tai ya mistari."

Karani akausoma ujumbe mbele ya baraza. Wakamwona diwani akiishika tai yake. Madiwani wengine wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Wakauliza maswali, diwani akaanza kupekua karatasi zake. Hoja ikaondolewa, na baraza likaagiza waya ung'olewe.

Waya uking'olewa, shimo limefunguliwa. Shimo likifunguliwa, linataka mama. Kijiji kizima kikashuka mteremkoni, na Bibi Nakiete, ambaye umama wake uliisha siku waya uliposimikwa, akawa mwamuzi. Akasema: "Aliyelifungua aseme."

Namsifu akasema: "Mimi. Mliona homa? Niliiona mimi kwa mkono huu. Bibi alinikataza, nikakataa kukatazwa. Bila feni kupumua, ufundi wa Eliwaza usingefika popote, mwenyewe alisema. Na nendeni mkatazame rafu. Vyungu vyote vya oda ile ni vigae sasa. Kati yetu, nani mwingine alitoa kitu? Hawa walitoa maneno na akili. Mimi nimetoa kazi yangu ya msimu mzima, na dirisha niliegesha mwenyewe."

Eliwaza akasema: "Shangazi alitoa vyungu, nami namheshimu. Lakini baada ya feni kusafishwa, kompyuta iliganda au haikuganda? Iliganda. Baada ya shangazi Nakundwa kugundua saa, iliganda au haikuganda? Iliganda. Iliacha kuganda nilipoigusa mimi. Mnanitazama kama mtoto wa chuo aliyekuja likizo. Mimi ni wa Kirindo, na mikono yangu inajua udongo. Msininyime kwa sababu nilisoma."

Nakundwa akasema: "Sikufagia feni wala sijui mipangilio. Lakini mliposema mtandao, wote, Namsifu akiwa wa kwanza na Eliwaza kwa simu, mlikuwa mmeshakwenda nyumbani. Kama ningekwenda nanyi, feni ingekuwa chini ya gunia mpaka leo, na Eliwaza angekuja likizo akala akarudi. Na dakika ile ya mwisho, aliyejua kompyuta alisema siwezi. Niliweza. Ingeganda, mngenilaani mimi peke yangu, na nilijua hivyo nikashika kipanya."

"Ulibahatisha!" Eliwaza akasema. "Ungetuangamiza."

"Ndiyo, nilibahatisha. Ungebahatisha wewe?"

"Wifi," Namsifu akasema, "usijifanye shujaa kwa mali ya wenzako. Dirisha lililokupa hiyo bahati limekula vyungu vyangu."

"Wifi, nitakufinyangia vipya mpaka mikono iote sugu. Lakini ukingoni hapa sisogei."

Bibi Nakiete akawatazama watatu wale. "Nikimpa Eliwaza," akasema, "mtasema nimechagua damu yangu. Nikimnyima kwa kuwa ni damu yangu, nimemdhulumu. Nikimpa Namsifu, ni yule niliyemkataza. Nikimpa Nakundwa, nimempa mtu aliyecheza kamari na shimo letu. Mimi nimeshindwa."

Diwani Kirumbe alikuwa akipita juu barabarani. Akasimamisha pikipiki. "Mmewashinda madiwani, sasa mnashindana wenyewe! Niteremke niwaamulie?"

"Pita!" wakamjibu wote kwa pamoja, na watatu wale sauti zao zikiwa juu kuliko za wengine. Akapita.

Wamesimama ukingoni, kila mmoja na jembe lake. Mvua zinakaribia, na zikianza kabla jembe la kwanza halijapigwa, shimo linajaa maji, msimu umekwenda, imebaki njaa. Hakuna anayerudi nyuma.

Nanyi mliokaa hapa msiniambie wagawane, maana mguu wa mtu uliobaki chini ya ukuta ule umeshalijibu hilo. Wala msiniambie wote wanastahili, hilo hata diwani angeweza kulisema. Mmoja aligoma kuamini aliyoambiwa, na mwisho akahatarisha vyote. Mmoja alivua gunia, akaacha kazi yake ipasuke. Mmoja alijua palipo na ugonjwa, akaumaliza. Jembe la kwanza ni moja. Je, nani alipige?